Boti Ziko Ng'ambo

Ukisimama Ras Kitau, pembe ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela ya Amu (Lamu), utahesabu vyombo mpaka uchoke: mashua za tanga, boti za injini, madau ya kuvulia. Vyote viko ng'ambo. Upande wako kuna mchanga, kaa, na wewe.

Si uchawi. Manahodha wengi hulala Shela au Amu mjini, na chombo hulala kwa mwenyewe. Asubuhi, wakati sisi wa huku tuna haraka, boti ingali kwao inangoja bwana wake amalize mahamri. Ndege ikikaribia kutua, kila chenye injini hukimbilia gati la uwanja wa ndege, ambalo liko Manda hii hii ila si la kutusaidia sisi. Jioni watalii hupelekwa kutazama jua likitua, kana kwamba ukikaa nchi kavu halitui. Na Ijumaa mchana, nahisi hata kaa huvuka.

Basi hupiga simu. Nahodha wa kwetu hajawahi kuwa mbali. Kila ukimpigia yuko katikati. "Niko katikati, ami, nafika." Katikati ya mkondo huu ni pahali papana ajabu, panaenea baraza, buli la kahawa na mchezo mzima wa bao. Nami namwona kwa macho yangu makavu, amekaa gatini Shela, simu sikioni, miguu inaning'inia. Nikimpungia mkono, naye hunipungia. Adabu anazo.

Nilidhani balaa hili ni letu peke yetu hadi mpwa wangu alipohamia Paris. Kule kuna baiskeli za mji, Vélib', zilizoanza Julai 2007 zikiwa kama 10,000 katika vituo 750 hivi. Unaichukua hapa, unaiacha kule. Yeye anakaa Montmartre, na Montmartre ni kilima. Asubuhi watu hushuka na baiskeli wakipunga upepo. Jioni, wakiukumbuka mlima, hurudi kwa treni. Kituo cha juu kikabaki kitupu, cha chini kikafurika. Siku moja alinipigia akihema: amefika mjini na baiskeli, kituo kimejaa, hakuna pa kuifunga, na dakika zinahesabiwa. "Mjomba, nimeshafika lakini siwezi kushuka!" Nilicheka hata boti pekee iliyokuwa upande wangu ikaondoka nikiitazama.

Wenzetu wana dawa. Malori hupita yakizoa baiskeli zilizorundikana bondeni na kuzirudisha kilimani. Gharama zilipowauma wakaongeza hongo ya halali: atakayeipandisha mwenyewe hadi kituo cha juu apewe dakika 15 za ziada. New York, walioanza mradi wao wa Citi Bike mwaka 2013, humpa pointi anayetoa baiskeli kituo kilichojaa na kuipeleka kilichokauka, na watu hao wamepewa jina la malaika. Nimewatafuta malaika wa namna hiyo kwenye mkondo huu. Wapo, lakini wanataka pesa ya petroli kwanza.

Punda wa Amu ndiye anayetuaibisha sote. Akishatua mzigo wa mchanga au saruji, huachiwa ajiendee, na jioni yuko kwake. Halipwi pointi.

Sasa nikueleze la godoro. Nililinunua Amu mjini, futi tano kwa sita, likaletwa Shela bila tatizo. Kufika ufuoni, ajabu: boti zote ziko Ras Kitau! Kulikuwa na karamu upande wetu, wageni wamevushwa, na manahodha wamebaki huko huko kwa kuwa pilau ilikuwa haijaisha. Nikalilaza godoro mchangani. Paka mmoja akaja akalijaribu, akaridhika, akawaita jamaa zake. Wapita njia wakanipa salamu za pole, wakidhani nimefukuzwa nyumbani. Mzee mmoja alinishauri nirudi nikaombe msamaha, kwani mke ni mke.

Boti ilipokuja, upepo wa kusi ulikuwa umeshaamka. Tulilisimamisha godoro ubavuni lisilowe, nalo likafanya kazi ya tanga bila kuombwa. Tulikuwa tunaelekea mashariki, tukaondoka kaskazini. Nahodha akazima injini akasema, "Tuone kwanza godoro lataka wapi." Nililalia mkeka usiku ule, godoro likiwa limeanikwa juu ya dari.

Tena usidhani chombo kikiwa upande wako umepona. Siku za bamvua maji hupwa ukakiona kimekaa kitako mchangani, na hakuna nahodha wala lori la kukitoa. Somo hili Shela inalijua tangu mwanzoni mwa karne ya 19, jeshi la Pate na Mazrui wa Mombasa lilipokuja kuitwaa Amu. Waamu waliwashinda, wavamizi wakakimbilia majahazi yao, wakakuta bahari imerudi nyuma na vyombo vimekwama. Wengi waliuawa pale pale ufuoni. Walikuwa wameviacha kituoni sawasawa. Kituo ndicho kilichohama.

Kwa kuwa jambo kubwa si umbali bali chombo kiko wapi, sielewi ugomvi wa nauli unaozuka hapa kila wiki. Mgeni anashuka, analalama kuwa umbali ni ule ule, mbona jana alilipa nusu? Jana, bwana, boti ilikuwa hapa. Leo imekuja tupu kukufuata, na petroli haijui kama kuna abiria au hakuna. Paris safari tupu huendeshwa na dereva wa lori anayelipwa mshahara, wewe usijue. Hapa dereva wa lori ni huyo huyo aliyekupa mkono ukapanda.

Kwa hiyo ukija Ras Kitau, piga simu kabla hujamimina chai, uliza maji yakoje, na akikwambia yuko katikati, mimina kikombe cha pili. Akifika, mlipe ya kuja na ya kwenda. Na ukiona mtu ng'ambo ya pili amesimama na godoro, mwambie nahodha ampitie, mke hajamfukuza.