Namna ya Kuwa Bosi wa Kiambi kwa Wiki Sita

Umepata kazi, umepata pikipiki, kilichobaki ni tumbo la heshima, lile linalotangulia kuingia ofisini. Hongera. Shida ni moja: tumboni humo mna wapangaji. Ni bakteria, matrilioni yao, na wamezoea mwenye nyumba anayetembea. Ubosi haukamiliki mpaka uwafukuze.

Hatua ya kwanza: kaa. Mtumbwi ukitoka Ankoro, usishuke hadi mto Luvua kupokea mzigo wako, tuma kijana. Kukaa kuna ushahidi. Huko Illinois, Marekani, watafiti waliwachukua watu 32 wa vitini wakawafanyisha mazoezi siku tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Bakteria wanaotengeneza butireti, ile asidi inayolisha ukuta wa utumbo, wakaongezeka, hasa kwa wembamba. Kisha watu wale wakarudi vitini wiki sita nyingine, na faida karibu yote ikapotea. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2018. Basi usikate tamaa: unachohitaji ni kiti na mwezi mmoja na nusu.

Hatua ya pili: funga jiko la wapangaji. Sombe ina nyuzinyuzi ambazo wewe huwezi kuzimeng'enya, lakini kwao ndiyo karamu. Waachie wanakijiji. Bosi hula mkate mweupe na kusukumia kwa soda ya moto.

Hatua ya tatu: kata simu. Kuna neva ndefu, vagasi, inayounganisha tumbo na ubongo, na habari hupita humo mchana kutwa. Mwaka 2022 watafiti wa Pennsylvania walionyesha kwamba bakteria fulani wa panya hutoa kemikali zinazoamsha neva za utumbo. Panya akikimbia, dopamini humpanda ubongoni na mbio zikamnogea. Panya waliponyweshwa antibiotiki, hamu yao ya kukimbia ikapungua. Umeelewa somo? Kila ukipiga chafya, meza ampisilini ya sokoni, vidonge viwili leo, kimoja kesho, vilivyobaki umpe shemeji. Daktari usimuulize; atakuharibia mpango.

Hatua ya nne: linda usahaulifu. Katika utafiti wa mwaka 2011, wazee walitembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima. Hipokampasi, ghala la kumbukumbu ubongoni, ikawakua kwa asilimia 2 hivi. Wenzao walionyoosha viungo tu, yao ikasinyaa. Jihadhari sana. Bosi anayekumbuka madeni yake ni bosi wa namna gani?

Tahadhari. Usije ukahubiri kwamba Kiambi yote ina afya kwa kuwa inatembea. Mama anayepanda kutoka mtoni na ndoo kichwani na njaa tumboni hafanyi mazoezi. Anafanya kazi, na anastahili bomba. Kipindupindu nacho hakiulizi umetembea kilomita ngapi. Wapangaji wema hula anachokula mwenye nyumba, na nyumba isiyo na chakula wala maji safi haitengenezwi na jasho.

Sasa, mwongozo huu una adui mmoja: barabara. Wiki ya tano, mvua itanyesha, na pikipiki itazama matopeni hadi kwenye injini. Vijana wenye baiskeli zilizosheheni mawese watapita, wakicheka: "Yaya, shuka usukume!" Utashuka. Utasukuma. Petroli nayo haitafika Kiambi wiki hiyo wala ijayo, kwa hiyo kazini utakwenda kwa miguu, na jioni, kwa njaa ya mtu aliyetembea, utamaliza sombe yote iliyokuwa sufuriani.

Wapangaji watarudi mmoja mmoja, bila kubisha hodi. Na asubuhi moja, katikati ya njia, kichwa kikiwa chepesi kuliko kilivyokuwa tangu upate cheo, utakumbuka waziwazi: fundi wa pikipiki bado anakudai.