Seremala Hajui Urefu wa Themosi Yako

Ukiingia nyumba yoyote ya Ushirombo yenye kabati, karibu utakuta kasoro ileile: shelfu zimepigiliwa misumari pale zilipowekwa siku kabati linatengenezwa, na hapo ndipo zitakapozeekea. Seremala amenyoosha futi kamba, amegawa kimo cha kabati kwa nne, amegonga misumari, amepaka vanishi, kazi imeisha. Themosi ya nyumba hiyo ina urefu gani, hakuuliza. Ndiyo maana themosi ya lita tatu haisimami humo. Inalazwa ubavu, kizibo kinalegea, na chai ya watu sita inanywewa na kitambaa cha kufuma. Shelfu ya chini yake imepewa vikombe, na juu ya vikombe kuna hewa ya inchi nane ambayo haina kazi wala haina mpangaji. Sufuria la shughuli, lililokosa pa kuingia kabisa, limepandishwa juu ya kabati, nalo lina tabia ya kuteremka saa nane za usiku bila kuaga. Paka hulaumiwa, mtoto hulaumiwa, dada wa kazi hukatwa mshahara. Nasema wote hao wanaonewa. Mwenye kesi ni msumari.

Anayedai ushahidi aende sebuleni, akaangalie makabati makubwa ya enzi za TV ya chogo. Yalitengenezwa na shimo la mraba katikati, kipimo cha TV ya wakati huo, kana kwamba TV hazitabadilika mpaka kiama. Desemba 31, 2012 serikali ikaanza kuzima matangazo ya analojia, ikianzia Dar es Salaam. King'amuzi kikaingia kikitafuta pa kukaa, na nyuma yake ikaja flati, pana na nyembamba, isiyopita kwenye shimo lile hata ukiiombea dua. Kabati la mninga, la kubebwa na wanaume wanne, likabaki na dirisha linalotazama ukuta, na ndani yake maua ya plastiki. Mwaka huohuo wa 2012, Wilaya ya Bukombe, ambayo makao yake makuu ni hapahapa Ushirombo, ilitolewa Mkoa wa Shinyanga ikaingizwa mkoa mpya wa Geita, na hakuna aliyelazimika kuhamisha hata kitanda. Wilaya nzima imesogea. Ubao wa futi tatu umegoma.

Ungegoma mahali ambapo vitu vya ndani vimetulia, tungeuelewa. Ila huku ni ukanda wa dhahabu. Duara, yaani shimo la wachimbaji, likitema, nyumba inanunua friji, seti ya hotpoti na ndoo za kila rangi. Mwamba ukikata, friji inarudi sokoni na hotpoti zinabaki zikishangaa. Hata asiyejua karasha la kusagia mawe wala mwalo wa kuoshea dhahabu ana misimu yake: baada ya mavuno kuna mchele na ndoo ya michembe, vile viazi vilivyokaushwa, vya kutafutiwa nafasi, miezi michache baadaye nafasi ipo na michembe haipo. Kabati linalodhani kwamba mwaka mzima ni mwezi mmoja haliwezi kuitunza nyumba kama hiyo.

Dawa yake ni matundu. Kila ubavu wa ndani wa kabati unatobolewa safu mbili, moja karibu na mlango na nyingine karibu na mgongo. Vijiti vinne vinachomekwa kwa usawa, ubao unalala juu yake. Ukitaka kuupandisha, unachomoa na kuchomeka. Viwanda vya samani vya Ulaya hutoboa matundu ya milimita 5 yanayoachana milimita 32, lakini fundi wetu hafungwi na sheria hiyo. Akiachanisha kwa inchi moja na nusu hakuna atakayemshitaki. Asichoruhusiwa ni kupima kila safu kwa jicho. Atoboe kwanza kipande kimoja cha ubao, kisha akitumie hichohicho kama kielelezo kwa safu zote nne, la sivyo shelfu itakaa mguu mmoja juu na mayai yatajifunza kutembea. Wala si elimu mpya. Mwaka 1947, jijini London, Demetrius Comino alianza kuuza chuma cha pembe chenye matundu kwa jina la Dexion, na vyuma vya namna hiyo leo ndivyo vinavyobeba mali katika maduka mengi ya vipuri. Yaani boliti ya bodaboda ina shelfu inayosikiliza shida zake, sufuria la mama halina.

Maseremala wana jibu, nalo si la kupuuza: shelfu iliyopigiliwa ni imara, ya kuchomeka itapinda. Kupinda kupo, ila kunatokana zaidi na urefu na unene wa ubao. Mzigo wa kila futi ukiwa uleule, ubao uliorefushwa mara mbili hupinda mara 16. Ukiongezewa unene mara mbili, kupinda kunashuka hadi moja ya nane. Vitabu ndivyo vinavyoumbua hesabu hii. Ubao mwembamba wa msonobari wa futi nne, uliojazwa kamusi, Biblia kubwa na kaunta buku za watoto wanne, utaning'inia katikati kama tumbo la ng'ombe, uwe na misumari au usiwe nayo. Weka nguzo katikati, au tumia mbao nene, uone kama vijiti vitalalamika. Tena shelfu inayotoka ina faida ambayo mchwa hawaipendi: unaweza kuichungulia chini.

Wengine watasema kabati lenye safu za matundu ni baya, wanitajie zidaka za nyumba za kale za Lamu na Pate, zile za lipu iliyochongwa, ambazo hazikusogea kwa mamia ya miaka na bado watu wanapanda mashua kwenda kuzitazama. Nakubali, ni nzuri mno. Lakini zilijengwa kwa ajili ya bakuli za kauri za kupambia, na bakuli la kupambia halipati mdogo wake dumu la lita 20. Kuhusu gharama tusisumbuane: vijiti vinne na nusu saa ya kutoboa havizidi bei ya themosi moja iliyovunjika.

Lililo gumu zaidi ni hili, kwamba watu wakipewa shelfu za kusogea huzipanga siku ya kwanza na hawazigusi tena. Huenda ni kweli kwa wengi. Hata hivyo siku hiyo moja aliyepanga ni mwenye themosi, si seremala, na hiyo pekee inatosha kuokoa chai. Hofu yangu iko upande wa pili, kwa nyumba zitakazozisogeza kila siku. Bibi anataka chumvi ishuke. Mjukuu mrefu aliyemaliza kidato cha nne amechoka kuinama. Baba hajawahi kupika, lakini ana maoni. Baada ya wiki vijiti viwili vimepotea, kimoja kiko kwenye gari la kuchezea la mtoto, na kila mmoja anasema alikuta hivyohivyo. Seremala asiitwe kwa hilo. Yeye kazi yake iliishia kwenye matundu, na kikao cha ukoo kina mwenyekiti wake.