Saa Yangu Haijui Nilipo

Kwenye boksi wameandika GPS kwa herufi kubwa. Zile herufi ndogo za kuvalia miwani ndizo zinazosema kwamba GPS yenyewe ni ya simu yako. Yaani hii saa ya mazoezi ni dalali tu: kiwanja si chake, anakuonyesha mali ya mwingine, na chake ameshakula. Anayekimbia huku simu inamgonga nyonga ni mimi.

Na simu nayo ina mambo yake. Ikishazima kioo inaanza kubana chaji, programu inasinzishwa, vipimo vya mahali vinakuja kwa kurukaruka. Saa ikipokea nukta mbili zilizoachana inaziunga kwa mstari ulionyooka, na kona yote niliyoizunguka kwa jasho inafutwa. Juzi ramani ilinionyesha nimeingia ukutani mwa benki pale Posta, katikati ya jiji, nikatokea upande wa pili, na mlinzi hakuniuliza hata kitambulisho.

Posta ndiko balaa lenyewe. Setilaiti ziko juu huko, kama kilomita 20,200, mawimbi yanashuka yakagonga vioo vya maghorofa kwanza ndipo yaifikie simu. Yakichelewa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde tu, hesabu imeshakosea mita 30. Halafu ukisimama kusubiri magari yapite, nukta inaanza kutangatanga yenyewe, saa inakuandikia mita za bure. Inanidhulumu kwenye kona, inanihonga kwenye zebra.

Blututhi ikikatika ndiyo usiseme. Hapo saa inahesabu mikono inavyorushwa, inazidisha kwa urefu wa hatua ilioukisia kutokana na kimo changu. Jumapili nilikuwa napepea mkaa wa mishikaki, kipepeo mkono wa kushoto, kile chenye saa. Nyama haijageuzwa upande wa pili, saa ikatetemeka kunipongeza: lengo la leo limetimia! Nikisukuma toroli la ndoo za maji kutoka bombani, mikono imeshika chuma, inaniona nimelala.

Haya yote ningeyavumilia kama si kikundi chetu cha jogging. Kanuni yetu: asiyefikisha kilomita 5 Jumamosi anawanunulia wenzake supu na chapati. Jumamosi nimekimbia bega kwa bega na jirani yangu, tumeanza pamoja, tumemaliza pamoja, hata kiatu kilipomfunguka nilimsubiri. Saa yake 5.2, yangu 4.7. Mweka hazina akaangalia skrini zote mbili, akaniambia, "Kaka, mashine haina undugu."

Nikalipa. Na supu yenyewe ilikuwa mifupa.

Mwenyekiti, mtu wa busara, akatoa wazo tukiwa bado mezani: wiki ijayo twende Daraja la Tanzanite, lina urefu wa kilomita 1.03, unaojulikana na serikali. Mbingu iko wazi, hakuna ghorofa la kuchanganya mawimbi. Ukikimbia kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kisha kwenda tena, umefikisha, saa iseme itakavyo. Wote tukaafiki, mimi wa kwanza.

Mweka hazina akameza tonge lake la chapati, akafuta mikono.

"Sawa, mwenyekiti. Ila hilo daraja walilipima kwa saa gani?"