Shuka la Sita kwa Sita

Kila asubuhi nikiwasha gari, mwanamke mmoja wa Kijapani hunisemesha. Sauti yake ni ya upole, kama ya muuguzi anayekuandaa kwa sindano. Miezi ya mwanzo nilidhani ananisalimia, na kwa kuwa gari ni la mwaka 2004 na mimi ni mkubwa wake kwa mbali, nikawa namwitikia "marhaba". Baadaye fundi umeme mmoja wa Tegeta akaniharibia. Alisema hiyo si salamu. Mama huyo anadai kadi ya kulipia barabara za huko kwao, haioni, na anataka nijue kwamba haioni.

Gari lenyewe ni IST ya rangi ya fedha. Hapa Dar es Salaam kusema una IST ya rangi ya fedha ni kama kusema una shati jeupe: watu wanakubali, lakini hakuna anayegeuka kulitazama.

Nililinunua ili niachane na kugeuza. Kwa msomaji asiyeijua Kariakoo ya saa kumi na mbili jioni, kugeuza ni hivi: daladala likifika kituoni limeshajaa kabla halijashusha, maana wajanja wamelipandia huko nyuma, wakalipa nauli mara mbili, wakaja nalo kituoni wakiwa wameketi. Yaani mtu anayekwenda Tegeta huanza safari kwa kuipa Tegeta mgongo, na huo mgongo anaulipia. Niligeuza miaka sita. Siku nyingine nilichelewa kugeuza, ikabidi nipite dirishani. Mwili ulipita vizuri tu. Kiatu cha kushoto kikabaki kituoni. Nilipomlilia konda akanitazama mguu, akasema, "Mzee wangu, hicho kitakuja na gari la nyuma."

Basi nikakopa, nikanunua IST.

Kumbe foleni haiangalii umekalia siti ya nani. Tofauti niliyoiona ni kwamba kwenye daladala nilikuwa nalala, na kwenye gari langu mwenyewe nikilala watu wananipigia honi. Pale kwenye makutano ya Morocco taa za barabarani huwaka kijani, njano na nyekundu kwa nidhamu kabisa, ila hakuna anayezitazama, maana katikati ya makutano amesimama trafiki aliyevaa nyeupe, na mkono wake ndio taa. Akiushusha unakwenda. Akiusahau juu, unafanya manunuzi. Katika foleni hiyo moja nimenunua karanga, ramani ya Afrika, meza ya kupigia pasi na spana za lori. Sina lori. Pembeni yako, tangu mwaka 2016, iko njia ya mabasi ya mwendokasi, zege safi, tupu, imenyooka kuelekea Magomeni kama mkeka uliotandikwa kwa ajili ya mgeni mwingine. Dereva wa Dar hujulikana kwa jinsi anavyoitazama njia hiyo.

Lakini foleni angalau inatembea. Nilichokuja kujua ni kwamba shida kubwa ya gari ni pale unapotaka lisitembee.

Jumamosi moja mama watoto alinituma Kariakoo nikamtafutie jagi la blenda, la zamani limepasuka. Niliingia mtaa wa Narung'ombe, hakuna nafasi. Nikakata Sikukuu, hakuna. Nikatokea Mkunguni, nikakuta nafasi, kumbe ni mkokoteni umelala. Nikazunguka tena. Kona moja ameketi muuza kahawa. Mzunguko wa kwanza hakuniona. Wa pili alinitazama. Wa tatu akanipungia mkono. Wa nne alikuwa amenimiminia kikombe.

Katika mzunguko wa tano alijitokeza kijana mwenye kitambaa chekundu mkononi. Vijana hawa hawaajiriwi na mtu. Wanachomoza tu, kama kumbikumbi baada ya mvua. "Njoo, njoo, njoo! Zungusha yote! Vunja kulia! Rudi, rudi, bado, bado, bado..." Kukasikika mlio. "Basi!" Nimeshaegeshwa na vijana wengi katika jiji hili, na "basi" yao huja baada ya mlio, kama wimbo unavyoitikiwa. Alinichomeka kati ya kigari cha mizigo aina ya kirikuu na rundo la marobota ya mitumba, mlango wa dereva ukagoma kufunguka, nikatokea upande wa abiria. "Nenda tu, boss," akasema akipokea buku yangu. "Hapa gari lina mwenyewe."

Jagi lilinichukua saa mbili na nusu. Maduka ya vyombo yalikuwa na blenda nzima tele, ila jagi peke yake nililipata ghorofani, ndani kabisa, kwa shilingi 8,000 baada ya kukasirika mara mbili na kuondoka mara moja. Nikarudi nalo nimelikumbatia.

Gari halikuwepo.

Kijana wa kitambaa hayupo. Kirikuu haipo. Mahali nilipoliacha pamekuwa duka la mashuka: ya maua, ya mistari, ya simba na watoto wake, yametandikwa juu ya meza ndefu, na akina mama wamelizingira wakipima upana kwa mikono. Jasho likanitoka. Nilianza kupanga nitakavyomwambia mama watoto, nikaona heri nianze na habari ya jagi. Kisha nikakumbuka rimoti. Nikaibonyeza.

Mashuka yakalia. Tii, tii.

"Karibu, baba," akasema mama aliyekuwa nyuma ya meza, bila kushtuka. "Sita kwa sita, na foronya zake mbili."

"Mama, hili ni gari langu."

Alinyanyua ncha ya shuka la simba, akachungulia, akaona taa ya mbele, akairudishia. "Nilikuta tu kitu hapa."

"Sasa naomba nilitoe."

"Utalitoa, baba. Lakini na mimi nikuulize: wewe umepaki wapi?"

"Hapa."

"Hapa ni kwangu. Mimi nauza hapa kila Jumamosi, muulize yeyote. Asubuhi nimechelewa na foleni, nafika nakuta gari limelala kitandani kwangu. Nimekutukana?"

Hakuwa amenitukana. Nitafute jibu wapi? Huyu mama alikuwa amechelewa na foleni ile ile, huenda alisimama katika daladala nyuma yangu Morocco, akinitazama nilivyokaa peke yangu na siti nne tupu. Akaniambia tusigombane: mzigo ni mwingi, kuukunja wote na kuutandika tena ni nusu saa, kama nina haraka nimsaidie kuuza, ukipungua tutaondoa uliobaki.

Ndivyo nilivyoanza biashara ya mashuka. Mteja wa kwanza aliegemea kioo changu cha pembeni, akauliza bei ya mwisho. Nikasema elfu kumi na tano. Mwenye mali akaniminya mkono: "Usiniue, baba, mtaji wangu kumi na nane." Wa pili nilimwambia elfu thelathini, akanunua kwa ishirini na tano, nikajisikia kama nimezaliwa pale. Niliuza manne. Nilikuwa nimeshika la tano, nalikung'uta nikiita "pamba tupu, pamba tupu", nilipogeuka kumtafutia mteja mfuko na kuona boneti ina nafasi mahali nilipokuwa nimeliweka jagi.

"Mama, jagi liko wapi?"

"Lile jagi? Nimeuza, baba. Elfu kumi." Akanihesabia noti kwa fahari. "Si umelinunua nane? Una faida ya elfu mbili."

Sijawahi kupata faida Kariakoo kabla ya siku hiyo. Niliziongezea na zangu, nikanunua shuka la simba ili nyumbani nisiingie mikono mitupu. Mama watoto alilipokea, akaligeuza, akalinusa, akauliza, "Hili ndilo linasaga nyanya?"

Wiki tatu baadaye rafiki yangu aliniambia niingize namba ya gari langu kwenye simu nione deni la maegesho. Zamani walikuachia karatasi chini ya waipa, ukaiona, ukaudhika, ikaisha. Siku hizi mkusanyaji hupiga namba ya gari kwenye kimashine chake akaenda zake, na deni linakua huko liliko bila kukusumbua. Nilikuta langu limeshatimia shilingi 14,500. Jumamosi ile ya mashuka imo. Mtu alipita kati ya wateja wangu, akainama, akafunua shuka kutafuta namba ya gari, akalifunika tena vizuri, nami nadhani nilimwita boss na kumtajia bei.

Mama wa Kijapani alikuwa akinikumbusha kulipa tangu siku ya kwanza. Nimeacha kumwitikia marhaba. Siku hizi mimi ndiye ninayemwamkia.

Jagi nililifuata tena Jumamosi iliyofuata, kwa daladala. Lilikuwa limepanda bei, 9,500. Jioni niligeuzia kituo cha Fire, nikapata siti ya dirishani, nikavua viatu vyote viwili nikavipakata pamoja na jagi, nikalala hadi Tegeta.