Mgeni wa Wati 350

Mwanamke wa umri wangu akiingia duka la kompyuta Kariakoo na kuulizia kadi ya michoro ya gemu, muuzaji humchungulia nyuma ya bega kumtafuta mtoto aliyemleta. Hakuna mtoto. Wangu mmoja anapenda mpira, mwingine anasoma sheria, na anayekesha mbele ya kompyuta mpaka saa nane za usiku akiendesha malori ya Ulaya ni mimi mama yao.

Nilikuwa natafuta RTX 3090. Nvidia waliitoa Septemba 2020 kwa dola 1,499, yaani karibu shilingi milioni 3 na nusu za wakati ule, kabla ya nauli na ushuru. Hata mwenye hizo hela alikuwa haipati, maana wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walikuwa wakizibeba kwa maboksi. Sisi wa mshahara tulikaa pembeni. Kisha tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ukaachana kabisa na uchimbaji, na mwezi uliofuata ikaingia sokoni RTX 4090. Kadi zilizokuwa zikizalisha hela usiku na mchana zikabaki hazina kazi, na bei ikaanza kushuka ngazi. Hapo ndipo mtu kama mimi huamka. Sina haja ya kuwa wa kwanza kwa lolote. Nataka kilekile alichokitamani tajiri miaka miwili iliyopita, kwa nusu ya bei, tajiri mwenyewe akiwa ameshageuza shingo kutazama kingine.

Na hesabu yangu ilikuwa safi, nasisitiza. RTX 4070, iliyotoka 2023 ikiwa mpya kabisa ndani ya boksi lake, ilikuwa inaachwa nyuma kidogo na hiyo 3090 ya zamani, na ina gigabaiti 12 za kumbukumbu dhidi ya 24. Kweli, 4070 inakula wati 200 na 3090 inakula 350. Hilo nililisoma pia, ila kwa jicho moja.

Kijana aliyeniuzia aliapa kwamba kadi imetoka Dubai, kwamba ilikuwa ya daktari, na kwamba daktari alikuwa anacheza siku ya Ijumaa tu. Nimenunua vitu vingi vya mtumba mjini hapa na karibu vyote vilikuwa vya daktari. Friji yangu ilikuwa ya daktari. Gari la kaka yangu lilikuwa la daktari, mwanamke, aliyekuwa halipeleki kokote zaidi ya kanisani. Sijui hao madaktari wanaishi vipi, lakini vitu vyao havichakai.

Nikaigeuza kadi. Kingoni kulikuwa na mafuta yaliyovuja kutoka kwenye pedi za joto, stika imebadilika rangi, na vichwa vya skrubu vimeliwa na bisibisi. Sasa, 3090 ina chipu za kumbukumbu pande zote mbili za ubao, na uchimbaji wa Ethereum uliitesa kumbukumbu kuliko kitu kingine chochote kwenye kadi. Daktari huyu alikuwa na zamu za usiku.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyu daktari alikuwa anachimba."

Hakukana wala hakukubali. Akapunguza laki mbili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wangu alipoingia ndani, mwenyeji akaanza kukonda. Cha kwanza kilikuwa malazi. Mpwa wangu, ambaye ndiye fundi wa ukoo kwa sababu ana bisibisi zake mwenyewe, alichukua rula ya shule ya mdogo wake akaanza kupima. Rula ikaisha, kadi bado inaendelea.

"Shangazi, hii haiingii."

Ndani ya kasha la kompyuta kulikuwa na kizimba cha diski, bati gumu lililopigwa ribiti, na hicho ndicho kilichoziba njia. Kasha jipya lilikuwa jambo la busara, lakini busara ilikuwa imeishiwa hela tangu Kariakoo. Tukatoa kila kitu ndani, tukabeba kasha tupu mpaka kona ya mtaa kwa fundi wa kuchomelea mageti. Fundi alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akauliza kwa heshima zote, "Mama, mnataka niweke komeo au kufuli ya kuning'inia?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akawasha grenda. Cheche ziliruka mpaka kwa muuza chipsi. Watoto wa mtaa walikusanyika, na mzee mmoja aliyekuwa akipita akanipa pole, akidhani tumepoteza ufunguo wa sefu. Kazi ilikuwa nzuri, kusema haki. Ila fundi hakuweza kukubali bati lililokatwa liondoke kwake bila kinga ya kutu, kwa hiyo alipaka ile rangi nyekundu ya kahawia inayopakwa mageti yote ya Dar es Salaam. Nilimwambia haikuwa lazima. Akasema hii ni ofa.

Kadi ikaingia, ikainama. Ina zaidi ya kilo mbili, na kitundu cha mazabodi hakikuumbwa kubeba uzito huo kwa upande mmoja. Mpwa akatafuta cha kuiegemeza, akajaribu kopo la iliki, akajaribu kitabu changu cha mapishi, mwisho akachukua sebuleni kinyago kidogo cha Kimakonde, kile cha ujamaa, watu wamepandana mabegani wanabebana. Kimo kikalingana kabisa. Mpaka leo wale watu wamo humo ndani, wameongezewa mzigo.

Ikabaki chakula. Powa sapulai yangu iliandikwa wati 500, lakini mpwa aliishika akaitikisa sikioni kusikiliza kama ndani kuna kitu. Nvidia wanataka angalau 750 kwa kadi hii, na si uchoyo: 3090 hushtuka ghafla ikavuta umeme kupita kiwango chake kwa kitambo kidogo sana, na sapulai dhaifu huzima palepale. Nikanunua ya 850. Baba watoto akaniuliza kwa upole kama hiyo nayo ilikuwa ya daktari.

Usiku wa majaribio mpwa aliwasha Cyberpunk 2077, kila kitu kimepandishwa mpaka juu. Barabara zenye maji, taa zinameremeta kwenye madimbwi, nikasema hapa sasa. Ndipo UPS yetu ndogo, ambayo maisha yake yote ilizoea kulinda kompyuta ya kuandikia barua, ilipopiga kelele. Haikuwa kelele ya kuomba, ilikuwa ya kushtaki. Mbwa wa jirani wakaitikia, na baba watoto akatokea mlangoni na tochi mkono mmoja na panga mkono wa pili, akitafuta mwizi chini ya meza.

Tulipotulia, mpwa akanionyesha namba kwenye skrini. Prosesa yangu, i5 ya mwaka 2014, ilikuwa inahema kwa asilimia 100, na kadi ikiwa chini ya 40, inasubiri kuletewa kazi. Prosesa mpya maana yake mazabodi mpya, na mazabodi mpya haipokei RAM za zamani. Mgeni alikuwa amekuja na ukoo wake. Hayo nitayapita, kwa sababu baba watoto husoma ninachoandika na kuna risiti ambazo bado hajaziona.

Joto, lakini, halifichiki. Wati 350 zikiingia lazima zitoke, na zinatokea chumbani kwako, Februari, Dar es Salaam. "Watu wananunua kiyoyozi," alisema baba watoto, "wewe umenunua hita." Dawa yake ni rahisi kuliko nilivyodhani: unaingia kwenye programu ya kadi unaishushia kikomo cha umeme. Yangu nimeiweka wati 280, na fremu zilizopungua ni chache mno, sizioni. Sizioni pia kwa sababu monita yangu huonyesha fremu 60 kwa sekunde basi, hata kadi ikitengeneza 140. Nyingine zinakwenda wanakojua wenyewe.

Wiki iliyopita mpwa alikuja bila hodi akanikuta kwenye Euro Truck Simulator 2, gemu la mwaka 2012 linalochezeka hata kwenye kompyuta ya ofisi. Nilikuwa napeleka shehena ya jibini Berlin.

"Shangazi. Ina maana 3090 ni ya malori?"

"Tazama mvua ilivyo kwenye kioo," nikamwambia. Akatazama. Akavuta kiti, akauliza jibini inatakiwa kufika saa ngapi.

Fundi wa kona naye amebadilisha kibao chake. Sasa kinasomeka: Mageti, Magrili, Vitanda, Kompyuta.