Ufa Hauna Mgeni Rasmi
Kwa Mheshimiwa Mpangaji wa Matengenezo ya Barabara,



Sisi walipa tozo ya mafuta tumeona tukupongeze. Kazi yako ni ngumu: mfuko ni mmoja, wenye shida ni wengi. Mwenye lori anataka barabara kuu iteleze. Mkulima anataka njia ya shambani ipitike masika. Mzazi anataka matuta na kivuko mbele ya shule. Diwani anataka kitu kinachoonekana kabla ya uchaguzi. Umewasikiliza wote, ukamridhisha diwani.

Vijana wako wahandisi walikushauri kutunza kwanza lami ambayo bado nzima: mifereji izibuliwe, nyufa zizibwe kabla maji hayajapenya tabaka za chini. Gharama yake ni ndogo mno kuliko ya kufumua barabara na kuijenga upya. Ukawakatalia, na ulikuwa na hoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakujua kwamba ukuta huja na jiwe la msingi, utepe na picha gazetini. Ufa hauna mgeni rasmi.

Asante pia kwa kuwahurumia wenye malori. Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya 2016 inataka gari na mzigo wake visizidi tani 56. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito: ekseli ikizidishiwa asilimia 20, lami huumia kama mara mbili. Wewe umeona ziada hiyo ni biashara, na biashara ni maendeleo. Shimo likitokea, linamwagiwa kifusi. Mvua ikikizoa, kinaletwa kingine. Ajira haikatiki.

Mheshimiwa, mzaha tuuweke kando. Fungu la nyufa, mifereji na mizani litengwe kwanza na lisiguswe. Zifuate barabara zilizokatika, zinazomzuia mgonjwa kufika hospitali na mazao kufika sokoni. Utepe uje mwisho. Kisha bandika orodha kwenye ofisi ya kila kata: barabara ipi, hali yake, imepewa alama ngapi na kwa vigezo gani.

Hatudai fedha zitoshe barabara zote. Tunadai kujua kwa nini yetu imeachwa.

Wako mtiifu,
Mlipa Tozo