Jinsi ya Kuwakamata Farasi Hewa

Kabla hujampigia simu fundi anayeongeza nguvu ya gari kwa laptopu, tafuta barabara tambarare na kifaa cha GPS. Najua unataka nguvu leo. Umemwona jirani mwenye Subaru Forester ya turbo akitoka getini kwa mngurumo wa kuamsha mtaa mzima, umeambiwa kuna faili la kompyuta ya gari linaloongeza farasi 40 kwa kazi ya nusu saa, na pesa ya kianzio iko tayari. Ishike kwanza. Asiyejua gari lake lilikuwa na farasi wangapi jana hawezi kujua leo wameongezeka wangapi, na wauzaji wa farasi hewa wanakula na kunywa kwa mgongo wa mtu huyo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima gari likiwa bado halijaguswa. Tuseme lina uzito wa kilo 1,500 na wewe ukiwa ndani. Alfajiri, kwenye barabara kuu isiyo na watu, weka gia ya tatu, tembea kilomita 50 kwa saa, kanyaga ekseleta hadi chini na upime muda mpaka ufike 90. Kuliongezea gari hilo mwendo kiasi hicho kunataka nishati ya kilojuli 324. Likitumia sekunde 4, wastani wa nguvu iliyolisukuma ni kilowati 81, yaani farasi 110 kwa kipimo cha metriki wanachotumia Wajapani. Likitumia sekunde 3.7, ni farasi 119. Sijahesabu upepo wala ukinzani wa matairi, lakini kwa kulinganisha kabla na baada hesabu hii inatosha.

Tazama tena tarakimu hizo. Sekunde 0.3 zimezaa farasi tisa! Kidole chako kinachobonyeza saa ya simu kinaweza kukosea kiasi hicho bila wewe kuhisi lolote, kwa hiyo kipumzishe. Tumia kifaa cha GPS kinachosoma kasi mara 10 kwa sekunde, au rekodi mizunguko ya injini moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ya gari. Kisha geuka urudie upande wa pili, maana mteremko wa asilimia moja tu, usiouona kwa macho, unakupa au kukunyang'anya farasi wanne hivi kwa mwendo huo. Pima mara kadhaa, chukua wastani. Andika ujazo wa tangi, upepo wa matairi na joto la hewa. Lita 60 za petroli zina kilo 45 hivi. Ukipima tangi likiwa limejaa na shemeji kakaa kiti cha mbele, kisha ukarudia tangi tupu ukiwa peke yako, umepunguza zaidi ya kilo 100 na utamshukuru fundi kwa kazi iliyofanywa na shemeji aliyebaki nyumbani.

Sasa kompyuta yenyewe ya gari. Kazi yake kubwa ni kusoma hewa inayoingia na kuamua mambo mawili: nozeli zimwage petroli kiasi gani, na plagi ziwashe cheche lini. Kwenye gari la turbo inaongeza la tatu, presha ya turbo. Majibu yote yamo kwenye majedwali, na kutuni ni kubadilisha tarakimu za majedwali hayo. Gari lisilo na turbo halina mengi ya kukupa humo. Anayekuahidi farasi 40 kwenye Premio ya lita 1.5 mwache na laptopu yake. Kwenye turbo nguvu ya kweli ipo, mara nyingi asilimia 15 na zaidi, kwa kuwa presha inaweza kupandishwa. Subaru zinapendeza kwa hili kwa sababu programu za bure kama RomRaider zimefungua majedwali yake, na mwenye gari anaweza kuona mwenyewe kilichobadilishwa. Fundi anayekukatalia kuliona faili la gari lako mwulize anaficha nini.

Kabla ya yote hayo, uliza kuhusu petroli. Forester XT iliyotoka Japani ilipangwa kunywa premiamu ya huko, inayouzwa ikiwa na oktani karibu 100. Petroli ya kawaida Kenya ni ya oktani 93. Petroli ya oktani ndogo hushindwa kuvumilia presha na joto: mchanganyiko hulipuka wenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaufikia. Sensa husikia injini ikigonga, na kompyuta huchelewesha cheche ili kuiokoa. Maana yake ni kwamba Subaru nyingi zinazozunguka Nairobi zimeshapoteza nguvu ambayo mwenye gari aliinunua. Rekodi kwanza ni kiasi gani cheche inacheleweshwa. Kagua plagi, filta ya hewa, mipira ya turbo inayovujisha, pima kompresheni. Magari kadhaa yanayopelekwa kutuniwa yanahitaji huduma tu, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo hata kama anakosa pesa ya faili. Fundi wa namna hiyo ukimpata mshike, mpeleke na nduguyo.

Umefika kwenye daino, ile mashine ya rola inayopima nguvu magurudumuni. Hapa ndipo farasi hewa wanapozaliwa kwa makundi, na hapa Nairobi wanazaliwa wengi kupita kiasi. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ina presha ya kilopaskali 83 hivi badala ya 101 za pwani, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Ili vipimo vya miji tofauti vilinganishwe, kompyuta ya daino huzidisha matokeo kwa kanuni kama ya SAE J1349, ambayo kwa hewa ya Nairobi huongeza zaidi ya asilimia 20. Kwa injini inayovuta hewa yenyewe ni haki. Lakini turbo tayari imeshafidia sehemu ya upungufu huo kwa kusukuma zaidi. Gari likifanya farasi 180 kwenye rola, karatasi inaandika zaidi ya 216, na mwenye gari anaenda kuitundika ukutani. Wale 36 hawajawahi kukanyaga lami.

Basi dai karatasi isiyorekebishwa. Dai namba za magurudumuni, zisizozidishwa kwa kisingizio cha nguvu inayopotelea kwenye gia na difu. Kabla na baada, daino ileile, gia ileile, siku ileile, injini ikiwa na joto lilelile. Hewa ya nyuzi 35 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 20 kwa karibu asilimia 5, kwa hiyo kupima "kabla" saa nane mchana na "baada" saa mbili usiku ni hila, na mimi naiita wizi.

Usidanganyike na mguu wako pia. Ipo njia rahisi sana ya kukufurahisha: fundi anabadilisha jedwali la ekseleta, ukikanyaga robo injini inafungua nusu. Gari litaruka pale kwenye taa, na ukikanyaga hadi mwisho halina farasi hata mmoja mpya. Milio ya risasi kwenye eksosi nayo ni petroli inayochomwa mahali pasipostahili huku cheche ikicheleweshwa, na inayolipa gharama ni katalisti na valvu. Na vile visanduku vya bei rahisi vinavyochomekwa chini ya usukani kwa ahadi ya nguvu, wataalamu wa elektroniki wamevifungua wakakuta taa zinazopepesa na hakuna kinachozungumza na injini.

Siku ya kazi yenyewe, hakikisha faili la awali limenakiliwa na nakala unayo wewe. Betri iunganishwe na chaja, maana umeme ukishuka katikati ya kuandika kompyuta inaweza kufa palepale.

Halafu inakuja Desemba, na watu wa Nairobi wanashuka Mombasa. Hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu mafundi wengi hawalitaji kabisa. Geji ya turbo inaonyesha kilichozidi hewa ya nje. Kilopaskali 100 za geji juu ya 83 za Nairobi ni 183. Zilezile juu ya 101 za pwani ni 201, karibu asilimia 10 zaidi ya hewa kwenye silinda zilezile, na joto la pwani juu yake. Injini inaingia kwenye sehemu za majedwali ambazo fundi wa Nairobi hakuwahi kuzifikia akipima. Kama alibahatisha tarakimu za huko, injini itagonga ikiwa kwenye presha kubwa, na Subaru za turbo zinajulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi. Mwambie mapema kwamba gari litashuka, apange presha kwa jumla yake halisi wala si kwa geji, na akupe faili la pili lenye presha ndogo.

Safarini, simama Voi, ambako umeshashuka zaidi ya mita 1,000. Unganisha laptopu, mwache mwenzako aangalie rekodi, kanyaga mara moja tu pale barabara inaporuhusu. Cheche ikionekana inarudishwa nyuma, egesha, weka lile faili la pili, halafu endelea na safari.